Nani Atie Sahihi? Beji za Skauti Kaskazini ya Mbali ya Kanada

Beji ya ujuzi ni ushahidi. Inaeleza kwamba kijana fulani alifanya jambo fulani mbele ya mtu anayelijua jambo hilo, naye akaridhika. Kitambaa na uzi ni bei ya soda. Uzito wote uko kwa yule aliyetazama na kutia sahihi. Katika vijiji vya kaskazini ya mbali ya Kanada, kwa Wainuit wa pwani ya Aktiki na Wadene wa misitu ya mto Mackenzie, swali gumu tangu mwanzo limekuwa hilo: nani ana haki ya kupima?

Majaribio ya kwanza yaliandikwa kwa kijana wa Uingereza. Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa uskauti, ambaye kaburi lake liko Nyeri, Kenya, aliendesha kambi ya majaribio kwenye kisiwa cha Brownsea mwaka 1907 na kutoa kitabu chake cha uskauti mwaka uliofuata. Skauti wa daraja la pili alitakiwa kuwasha moto kwa njiti zisizozidi mbili, kupika robo ratili ya nyama na viazi viwili, kujua pande 16 za dira, na kuwa na angalau peni sita katika benki ya akiba. Wa daraja la kwanza aliogelea yadi 50, akaenda maili 7 kwa miguu au kwa mashua na kurudi, akaandika ripoti ya safari, na akaonyesha kwamba anajua kutumia shoka kwenye mti mdogo.

Yapeleke majaribio hayo pwani ya Aktiki uone yanavyokwama. Miti haioti huko, kwa hiyo jaribio la shoka halina pa kufanyikia. Maji ya bahari hata kiangazi yanaweza kuua ndani ya muda mfupi. Benki haikuwepo, biashara ya manyoya ilikwenda kwa mkopo wa dukani. Hata dira, chombo ambacho kila skauti hukiamini, huyumba: ncha ya sumaku ya kaskazini, mahali ambapo sindano ya dira huelekea, iliyofikiwa na baharia Mwingereza James Clark Ross mwaka 1831 kwenye rasi ya Boothia, ilikuwa humo humo Aktiki ya Kanada, na karibu nayo sindano hukosa nguvu ya kuelekea upande mmoja. Wainuit walisafiri kwa kusoma matuta madogo ambayo upepo mkuu huyachonga juu ya theluji. Huo ni ujuzi wa dira kwa maana kamili, ila haukuwa na mstari katika orodha.

Mtu aliyekaribia kuliona tatizo hili ni Ernest Thompson Seton, mwanamazingira aliyekulia Kanada. Mwaka 1902 alianzisha kundi la vijana la stadi za porini huko Connecticut, Marekani, na mwaka 1907 alisafiri kwa mtumbwi hadi kaskazini ya Ziwa Great Slave. Kanuni yake ilikuwa kwamba heshima hutolewa kwa kufikia kipimo kilichowekwa, si kwa kumshinda mwenzako. Mawazo yake yaliingia katika uskauti wa Uingereza na wa Marekani, na ndiyo sababu hadi leo skauti wote 30 wa kikosi wanaweza kupata beji ile ile siku moja. Kwa kijiji chenye watoto wanne wa rika moja, kanuni hiyo ndiyo inayofanya beji iwezekane kabisa.

Kisha kulikuwa na umbali. Nchini Marekani, mchapishaji wa magazeti William Boyce alianzisha mwaka 1915 uskauti wa mtu peke yake, kwa ajili ya wavulana wa mashambani wasio na kikosi. Kijana alijisomea, akatimiza majaribio ya ngazi yake na kuwasiliana na makao makuu kwa posta. Chama hicho kiliunganishwa na chama kikuu cha skauti mwaka 1924. Mpango wa aina hiyo unategemea posta, na posta ya Aktiki ilikuwa na kalenda yake. Aklavik, karibu na mdomo wa mto Mackenzie, ilipata barua kwa ndege kwa mara ya kwanza Desemba 1929. Kabla ya hapo zilikuja kwa sleji, gari la kuteleza juu ya theluji linalovutwa na mbwa, wakati wa baridi na kwa meli ya mtoni kiangazi. Pwani ya mashariki ya Aktiki ilitegemea meli ya mizigo, Nascopie, mara moja kwa mwaka, hadi ilipozama mwaka 1947. Barua iliyoikosa meli hiyo ingesubiri hadi kiangazi kingine.

Sehemu chungu ya historia hii imo katika shule za bweni ambako serikali na makanisa waliwatenga watoto wa wenyeji na wazazi, lugha na kazi za nyumbani kwao. Baadhi ya shule hizo zilikuwa na vikosi vya skauti na vya Girl Guides, yaani skauti wa kike. Ripoti ya Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Kanada ya mwaka 2015 inaonyesha kwamba vilitumika kama sehemu ya kuwageuza watoto waache utamaduni wao. Mtoto ambaye babu yake angemfundisha kusoma theluji alipewa beji na mtu wa nje aliyefika majuzi. Baadaye chama cha skauti cha Kanada kiliomba radhi hadharani kwa mchango wake katika madhara hayo.

Tuangalie stadi moja kwa undani, ili ionekane kwa nini mpimaji lazima awe mjuzi: kibanda cha kulala cha theluji. Vitabu vingi huchanganya vibanda viwili. Nyumba ya Wainuit hujengwa kwa matofali yaliyokatwa kwenye theluji iliyoshindiliwa na upepo. Theluji ya msituni ni laini mno kukatwa. Huko watu hurundika kichuguu cha theluji na kukichimba ndani, na hicho ndicho tutakachokieleza hapa. Kwa vijana wawili au watatu, rundika theluji upana wa mita 3 na kimo cha karibu mita 2. Irushe kwa sepetu, usiikanyage. Kuichanganya theluji ya chini na ya juu, zenye joto tofauti, hufanya chembe zishikane. Kisha subiri saa 2 au zaidi. Hapa ndipo vijana wengi hukosea: baridi inawauma, wanaanza mapema, na paa linaporomoka juu ya mchimbaji.

Wakati wa kusubiri, chomeka pande zote vijiti vya sentimita 30, vionyeshe unene wa ukuta. Chimba kutoka upande usioelekea upepo, na ukiona ncha ya kijiti, acha kuchimba hapo. Anayechimba hulowa jasho na theluji, kwa hiyo avae nguo isiyopitisha maji na abadilishe zilizolowa kabla ya kulala. Mtu mmoja abaki nje na sepetu muda wote. Kitanda cha theluji kiwe juu kuliko mlango, maana hewa baridi hutelemka. Dari liwe la mviringo na laini. Likiwa bapa hudondosha maji juu ya walalaji na hulegea. Toboa tundu la hewa la upana wa ngumi na ulichunguze usiku, kwa kuwa pumzi huliziba kwa barafu. Usiwashe jiko ndani: kaboni monoksaidi haina harufu. Mpimaji mzuri huingia mchana na kutazama mwanga. Panapong'aa buluu kuliko kwingine, ukuta ni mwembamba.

Siku hizi Kanada ina stadi 9 za nje, kila moja ikiwa na hatua 9, na stadi za majira ya baridi ni mojawapo. Familia nyingi za Waswahili zinaishi huko, na mzazi hukabidhiwa orodha ya vifaa akashangaa. Pamba isivaliwe karibu na ngozi, kwa sababu ikilowa hubaki na maji. Nunua sufu au nguo za michezo zinazokauka haraka. Buti ziache nafasi ya soksi nene, kwani buti inayobana huzuia damu na vidole huganda. Chini ya mfuko wa kulalia ziwekwe sponji mbili. Uliza pia kiwango cha baridi pamoja na upepo ambacho kikosi huahirisha safari: kikifika kati ya -28 na -39 kwa kipimo cha Selsiasi, ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya dakika 10 hadi 30. Na muulize kiongozi ni nani atakayewapima watoto, na yeye mwenyewe amelala nje majira mangapi ya baridi.