"Inahitaji Linux" halafu basi? Dhana potofu za kwenye README

Dhana: ukiandika "inahitaji Linux" kwenye README (lile faili la maelezo linaloambatana na programu) umemaliza.

Hujamaliza ndugu yangu. Hiyo ni sawa na kumwambia bodaboda nipeleke Kariakoo halafu ukanyamaza. Node.js 18 (programu ya kuendeshea kodi ya JavaScript nje ya kivinjari) ilipotoka Aprili 2022, zile faili zake za Linux zilizokuja tayari zilitaka glibc 2.28, na glibc ndo maktaba ambayo karibu kila programu ya mifumo ya Linux kama Ubuntu, Debian na wenzao inaiegemea. Ubuntu 18.04 ina 2.27, yaani imepitwa namba moja tu! CentOS 7 ndo kabisa, 2.17. Sasa unadaunlodi kwa bando lako la usiku, unafungua, unaandika node -v, unajibiwa `GLIBC_2.28' not found. Wapo wanaoamua kupandisha glibc kwa mkono na hapo ndo seva inazima kabisa, maana hata ls inategemea hiyohiyo, huwezi hata kuona faili zako.

Na Node walisema wazi kwenye tangazo lao, siwalaumu. Shida ni hizi zana ndogondogo zilizojengwa juu yake, README inasema "Node 18 kwenda juu", kimya. Anayesoma atajuaje kwamba ndani ya hilo sharti kuna sharti lingine?

Dhana: Python na Go (lugha za kuandikia programu) zinakubali popote, mfumo endeshi haunihusu.

Unakuhusu sana. Python 3.9 ya Oktoba 2020 haikubali Windows 7, ya mwisho kukubali ni 3.8, kwa hiyo ukiandika "Python 3.9+" watu wa Windows 7 umeshawafungia mlango bila kuwaambia. Go ndo inachekesha zaidi: toleo 1.21 la 2023 linataka Windows 10 kwenda juu, so unaweza usiguse hata mstari mmoja wa kodi yako, ukakompaili tu (yaani ukaigeuza kodi kuwa programu) na Go mpya, na zana iliyokuwa inafunguka jana leo haifunguki kwa mtu wa Windows ya zamani. Wewe kwako kila kitu kijani.

Dhana: Docker (zana ya kufungasha programu na vitu inavyohitaji ndani ya boksi moja, yaani kontena) inamaliza hayo yote.

Inapunguza. Kontena inaazima keneli (kiini cha mfumo endeshi) ya mashine iliyoibeba, keneli ikiwa ya kizamani hapo Docker haina la kufanya.

Dhana: kuwaambia watu "huku haikubali" ni kuwafukuza.

Mimi naona kinyume chake, kinachofukuza watu ni kushtukiza. Mwanzoni mwa 2024 VS Code 1.86 (kihariri cha kuandikia kodi) ilipandisha sharti hadi glibc 2.28, waliokuwa wanaingia kwenye seva za zamani kwa SSH (njia ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali) wakajikuta nje asubuhi na kazi zinawasubiri, kelele zikawa nyingi mpaka ikabidi 1.86.1 iwarudishe kwa muda. Tena hao ni wakubwa wenye timu, sembuse wewe na zana yako ya wikiendi.

Kwa hiyo piga ldd --version kwenye mashine unayokompailia, mstari wa kwanza ndo una namba ya glibc. Ukiona 2.35 (ya Ubuntu 22.04) ujue mtu wa Debian 11 mwenye 2.31 anaweza kugomewa. Halafu andika hivi tu: "Imejaribiwa Ubuntu 22.04 na Debian 12. Glibc 2.35 kwenda juu. Windows 10 kwenda juu, mwenye Windows 7 achukue toleo 1.4." Na hilo toleo 1.4 usilifute.