Barua pepe za ofisi yako zinarudi? Anza na jibu la seva iliyozikataa

Tangu Februari 2024, Gmail na Yahoo zilipoanza kutekeleza masharti mapya kwa watumaji wa barua pepe, dawati letu la msaada limekuwa likipokea lalamiko lilelile kwa wingi: "Nimemtumia mteja profoma, anasema hajaiona." Mei 2025 Microsoft nayo ikaanza kudai masharti yanayofanana na hayo kwa wanaotuma barua zaidi ya 5,000 kwa siku kwenda Outlook.com. Wanaoumia zaidi ni wenye ofisi ndogo wanaoendesha seva yao wenyewe, yaani kompyuta inayotuma na kupokea barua za ofisi, ile ambayo fundi aliisimika miaka kadhaa iliyopita na hakuna aliyeigusa tangu siku hiyo. Zabuni inapita, mteja anadhani amepuuzwa, nawe unamlaumu mtoa huduma wa intaneti.

Intaneti haihusiki. Kama seva ya mpokeaji imeweza kukujibu kwamba haiitaki barua yako, maana yake imefikiwa. Tunalazimika kulisema hili kwa sababu bado wanatufikia watu waliokwisha kununua ruta mpya, na wengine wamehama kampuni, kabla ya kuusoma ujumbe uliorudi kwenye sanduku lao.

Katika ujumbe huo tafuta namba. Ikianza na 4, umekataliwa kwa muda tu. Seva yako itaiweka barua kwenye foleni na kujaribu tena. Postfix, programu ya seva ya kutuma barua, kama hukubadilisha mpangilio wake, hujaribu kwa siku 5. Zipo seva zinazomkataa kwa makusudi mtumaji zisiyemfahamu ili kuona kama atarudi baada ya dakika chache, kwa kuwa programu nyingi za barua taka hazirudi. Kwa hiyo usiitume barua ileile mara sita. Ukifanya hivyo unafanana na hao watumaji wa barua taka.

Ikianza na 5, hakuna kujaribu tena. Soma tarakimu zinazofuata. 5.1.1 ni kwamba anwani ya mpokeaji haipo, na mara nyingi ni herufi moja iliyokosewa. 5.2.2 ni sanduku lililojaa. Zinazotuletea watu wengi ni 5.7.26, yaani umeshindwa kuthibitisha kwamba una haki ya kuitumia hiyo domeni (jina linalofuata alama ya @), na 5.7.25, yaani anwani yako ya IP, namba inayoitambulisha seva kwenye intaneti, haina rekodi ya PTR, ile inayotaja jina la seva yenye anwani hiyo.

Kuhusu uthibitisho, Gmail inataka kila mtumaji awe na SPF (orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina la domeni yako) au DKIM (saini ya kidijitali kwenye barua), na anayewatumia watumiaji wa Gmail barua 5,000 au zaidi kwa siku awe na zote mbili pamoja na DMARC (agizo kwa mpokeaji afanye nini na barua zisizothibitishwa). Kauli ya "sisi ni wadogo, hayatuhusu" haina msingi. Weka zote tatu hata kama unatuma barua kumi kwa siku. Kosa tunaloliona mara kwa mara ni rekodi mbili za SPF kwenye domeni moja: moja iliwekwa na aliyetengeneza tovuti, nyingine na kampuni inayotuma matangazo. Rekodi mbili ni sawa na kutokuwa nayo, kwa sababu mpokeaji huhesabu kuwa ni kosa. Ziunganishe ziwe moja, na uangalie kwamba haimlazimishi mpokeaji kuuliza DNS, daftari la majina na anwani za intaneti, zaidi ya mara 10, maana huo ndio ukomo. Kwa DKIM tumia ufunguo wa biti 2048. DMARC ianze na p=none (usizuie chochote), usome ripoti kwa wiki chache, ndipo upande hadi quarantine (tenga kama barua taka) au reject (kataa). Wanaorukia reject siku ya kwanza huzizuia ankara zao wenyewe.

PTR ndiyo inayowachosha wengi, kwa sababu wanaiomba mahali pasipo pake. Aliyekuuzia domeni hawezi kukuwekea. Anwani za IP za Afrika hugawiwa na AFRINIC, yenye ofisi Mauritius, na mwenye fungu lenye anwani yako, kwa kawaida mtoa huduma wako wa intaneti, ndiye mwenye mamlaka ya kuipa jina. Utaratibu ni huu. Kwanza hakikisha anwani ni ya kudumu. Ile inayobadilika ruta inapozimwa haifai kwa seva ya barua. Pili, kwenye domeni yako weka rekodi ya A inayoelekeza jina la seva kwenye anwani hiyo. Tatu, mwandikie mtoa huduma kwa barua yenye kichwa cha kampuni, ukitaja anwani, jina kamili la seva na namba yako ya mteja. Nne, akishaiweka, pima pande zote mbili: anwani itoe jina, na jina lirudishe anwani ileile. Tano, seva ijitambulishe kwa jina hilohilo inapoisalimia seva ya mpokeaji. Kama seva yako inatumia pia IPv6, mfumo mpya zaidi wa anwani za IP, nayo inahitaji PTR yake. Tumewahi kumhudumia mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi aliyehangaika miezi miwili kwa sababu hiyo moja tu.

Kama huwezi kupata anwani ya kudumu, pitisha barua kwenye seva ya mtoa huduma kwa poti 587 (mlango wa mawasiliano wa kutumia barua), kwa jina na nywila. Hakuna aibu katika hilo.

Kisha kuna orodha za kuzuia. Spamhaus, shirika linalofuatilia barua taka, ina orodha iitwayo PBL, ya anwani zisizotarajiwa kutuma barua moja kwa moja, kama za majumbani. Kuwemo humo si tuhuma. Orodha yake nyingine, XBL, ni jambo jingine: kuna kompyuta iliyoambukizwa nyuma ya anwani yako. Safisha kwanza, badilisha nywila, zuia kwenye ruta poti 25 kwa kila kifaa isipokuwa seva, ndipo uombe kuondolewa. Ukiomba kabla ya kusafisha utarudishwa. Spamhaus hawatozi chochote kukuondoa, kwa hiyo anayekudai fedha kwa kazi hiyo usimlipe.

Kwa walioko Tanzania, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 20, inahusu ujumbe usioombwa unaotumwa au kupitishwa kwa nia ya kutenda kosa chini ya sheria hiyo, pamoja na kughushi taarifa za kichwa cha ujumbe huo. Adhabu ni faini isiyopungua shilingi milioni 3, au mara tatu ya faida iliyopatikana, kutegemea ipi ni kubwa, au kifungo kisichopungua mwaka mmoja, au vyote viwili. Hatusemi kwamba kila tangazo ni kosa. Hilo ni la mahakama. Tunasema mwenye seva inayopitisha barua za yeyote bila nywila asingoje kuulizwa maswali hayo.

Ukikwama, tuletee ujumbe uliorudi wote pamoja na kichwa chake kamili, saa barua ilipotumwa, anwani ya IP ya seva, na mistari ya logi (kumbukumbu za seva) ya dakika hizo. Picha ya skrini iliyokatwa katikati, isiyoonyesha namba, haitusaidii kukusaidia.