Sumaku kichwani: dhana potofu na ukweli kuhusu tiba ya sonona ya baipola

Mtu akiambiwa kuwa sonona hutibiwa kwa sumaku, mawazo yake hukimbilia sehemu mbili. Ya kwanza ni zile bangili zinazouzwa kwa ahadi ya kuondoa kila kitu, kuanzia maumivu ya mgongo hadi mikosi. Ya pili ni mgonjwa aliyefungwa kitandani akipigwa shoti. Zote mbili sizo, na tutazifikia. Ila kosa linalonikera zaidi hufanywa na watu waliosoma: huchukua matokeo yaliyopatikana kwa sonona ya kawaida wakamvisha mgonjwa wa baipola, kana kwamba magonjwa haya mawili huvaa saizi moja.

Hayavai. Mwenye baipola hupita vipindi vinavyopingana. Kuna wakati hupanda: halali na wala hachoki, mawazo yanamkimbia, pesa anazitumia ovyo, anajiona anaweza lolote. Hiyo ni mania, na ikiwa nyepesi huitwa haipomania. Kisha hushuka, na huko chini ndiko anakokaa muda mrefu zaidi. Utafiti wa Lewis Judd na wenzake, uliochapishwa mwaka 2002, uliwafuatilia watu 146 wenye baipola ya aina ya kwanza, ile yenye mania kamili, kwa miaka mingi. Walikuwa na dalili za sonona karibu theluthi moja ya wiki zote. Dalili za mania zilichukua chini ya wiki moja kati ya kumi. Anayedhani baipola ni ugonjwa wa fujo na kelele tu hajauona upande wake mkubwa, ambao ni mtu amelala anatazama ukuta.

"Ni shoti ileile, imebadilishwa jina"

Shoti, ambayo madaktari huiita ECT, ilianza Roma mwaka 1938 mikononi mwa Ugo Cerletti na Lucio Bini. Siku hizi mgonjwa hupewa nusu kaputi na dawa ya kulegeza misuli, kisha umeme hupitishwa kichwani kwa makusudi ya kuamsha degedege. Degedege hiyo ndiyo tiba yenyewe.

Tiba ya sumaku, inayofupishwa TMS, haifanani nayo. Mgonjwa huketi kwenye kiti, macho wazi, bila nusu kaputi. Koili ya waya iliyozungushwa mfano wa tarakimu 8 huegemezwa kichwani, mara nyingi mbele upande wa kushoto. Umeme huingia na kukatika ndani ya koili kwa kasi kubwa, na sumaku inayopanda na kushuka hivyo hupenya fuvu bila kizuizi na kuzaa mkondo mdogo wa umeme ndani ya ubongo, kiasi cha kuamsha seli za neva zilizo sentimita 2 au 3 kutoka juu ya kichwa. Ni kanuni ileile ambayo Michael Faraday aliionyesha mwaka 1831. Mwaka 1985 Anthony Barker na wenzake wa Sheffield, Uingereza, waliweka koili ya waya juu ya kichwa cha mtu, na mkono wake ukacheza wenyewe.

Mchezo huo wa mkono haukuachwa makumbusho. Mpaka leo dozi ya kila mgonjwa hupimwa kwa kidole gumba: mtaalamu hupandisha nguvu taratibu huku akitafuta sehemu ya ubongo inayoendesha mkono, na kiwango kinachotosha kukifanya kidole kiruke ndicho kinachokuwa kipimo chake. Kisha koili husogezwa mbele kidogo, na matibabu yanaanza.

Nisieleweke kwamba naibeza shoti. Kwa sonona kali sana, ya mtu aliyeacha kula au anayesikia sauti, shoti bado ina nguvu kuliko sumaku. Zinatofautiana njia, wala hakuna iliyomfukuza mwenzake.

"Kama sumaku inatibu, basi hata bangili itasaidia"

Sumaku iliyotulia haizai mkondo wa umeme katika ubongo uliotulia. Kinachofanya kazi kwenye TMS ni mabadiliko ya ghafla, tena ya sumaku yenye nguvu ya tesla 1.5 hadi 2, sawa na ile ya mashine ya MRI inayopiga picha za ndani ya mwili, ingawa hapa hudumu sehemu ndogo mno ya sekunde na hulenga eneo dogo. Bangili haina lolote kati ya hayo.

Hata hivyo wauza bangili wana babu yao katika historia. Katika karne ya 18 daktari Franz Mesmer aliwateka watu wa Paris kwa kile alichokiita sumaku ya viumbe. Mwaka 1784 mfalme Louis XVI aliunda tume, wanasayansi Benjamin Franklin na Antoine Lavoisier wakiwemo, na tume hiyo ikawafunga watu macho. Waliodhani wanatiwa sumaku walitetemeka na kuzimia hata pale ambapo hakuna lililofanyika. Waliotiwa bila kujua hawakuhisi kitu. Naitaja hadithi hii kwa sababu ndiyo inayotulazimisha, tukija kwenye TMS, tuulize: ililinganishwa na koili ya bandia? Koili ya bandia hutoa mlio uleule na kugusa kichwa vilevile, ila sumaku haifiki ubongoni. Tiba isiyoishinda hiyo haijathibitisha lolote.

"Imethibitishwa kwa sonona, kwa hiyo imethibitishwa kwa baipola"

Hapa ndipo ninapotaka kukaa.

Kwa sonona ya kawaida, ile isiyo na mania, ushahidi upo na ni mzuri. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliruhusu mashine ya kwanza mwaka 2008 kwa wagonjwa ambao dawa haikuwasaidia. Mwaka 2018 utafiti wa Kanada wenye wagonjwa 414 ulionyesha kuwa mtindo wa dakika 3 tu kwa kikao haukuzidiwa na ule wa zaidi ya nusu saa, jambo lililobadilisha ratiba za kliniki nyingi.

Tafiti nyingi kubwa kati ya hizo ziliwaacha nje wenye baipola, kwa hofu ya kuwapandisha mania. Ukiwatafuta katika tafiti zao wenyewe, unakutana na vikundi vidogo na majibu yasiyokubaliana.

Mwaka 2017 watafiti wa Brazil walichapisha matokeo ya wagonjwa 50 wa sonona ya baipola, kwa kutumia koili inayofika ndani zaidi. Vikao 20 vilipokwisha, waliopata sumaku halisi walikuwa nafuu kuliko wa bandia. Lakini walipopimwa tena wiki ya 8, tofauti ilikuwa imefifia kiasi cha kutohesabika. Mwaka 2021 utafiti mwingine, ukiongozwa na Alexander McGirr, ulitumia ule mtindo wa vikao vifupi kwa wagonjwa 37. Ulisimamishwa kabla ya wakati, kwani hesabu za katikati zilionyesha hakuna tofauti na bandia na wala haielekei kutokea. Mtindo uleule uliofana kwa wenzao!

Kisha mwaka 2024 kikundi cha Yvette Sheline cha Chuo Kikuu cha Pennsylvania kilikuja na jibu la kushangaza: vikao 10 kwa siku, siku 5, eneo la kulenga likichaguliwa kwa picha za ubongo wa kila mgonjwa. Alama za sonona zilishuka kutoka takriban 30 hadi 10 kwa waliopata halisi. Kwa waliopata bandia zilitoka 28 hadi 25 tu. Ni matokeo ya kumfanya mtu asimame. Lakini washiriki walikuwa 24 kwa jumla, nusu yao wakipata bandia. Watu wanaojaa basi dogo.

Ukinibana nitasema hivi: tiba hii ina matumaini halisi kwa sonona ya baipola, na pengine idadi ya vikao na mahali koili inapowekwa vina uzito kuliko tulivyodhani. Lakini daktari anayemwambia mgonjwa wa baipola kuwa "imethibitishwa" anamwonyesha cheti cha ndugu yake. Mwaka 2020 FDA iliipa mashine mojawapo hadhi ya kuharakishiwa tathmini kwa sonona ya baipola. Baadhi ya matangazo huisoma hadhi hiyo kama ruhusa. Kuharakishiwa foleni si kufika dirishani.

"Itampandisha mania"

Hofu hii ina msingi, kwani dawa za sonona zikitumiwa peke yake zinaweza kumrusha mgonjwa kutoka shimoni hadi juani. Kwa sumaku hatari imeonekana kuwa ndogo. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2008 yalikuta waliogeukia mania ni chini ya 1 kati ya 100, na waliopata bandia hawakuwa mbali nao. Kwa wenye baipola pekee ilikuwa takriban 3 kati ya 100. Ndogo, lakini ipo. Dalili ya mapema kabisa ni usingizi: mtu anayeanza kulala kwa muda wa saa tatu tu na kuamka amechangamka hajapona ghafla, na anayempa vikao anapaswa kuambiwa siku hiyohiyo.

Inafaa kujua pia kwamba njia iliyozoeleka nayo haina sifa kubwa. Utafiti wa STEP-BD wa mwaka 2007, wenye wagonjwa 366, uliongeza dawa ya sonona juu ya dawa za kudhibiti hisia. Waliopona na kudumu walikuwa 23.5% kwa dawa na 27.3% kwa kidonge cha bandia. Ndiyo sababu watu wanahangaika kutafuta kitu kingine.

"Ukianza sumaku, dawa unaacha"

Hapana. Lithiamu na dawa nyingine za kudhibiti hisia huendelea, kwa sababu ndizo kinga dhidi ya mania, na lithiamu imeonyesha kupunguza vifo vya kujiua. Dawa za usingizi na za kutuliza wasiwasi ndizo zinazoweza kudhoofisha matokeo ya sumaku, lakini nazo hupunguzwa na daktari. Mgonjwa asizikate mwenyewe asubuhi ya kikao.

"Inafuta kumbukumbu, inaleta kifafa"

Kumbukumbu haifutwi. Malalamiko ya kawaida ni kichwa kuuma, ngozi ya kichwa kuwasha moto na taya au jicho kucheza wakati koili inapolia. Mlio wenyewe ni mkali, kwa hiyo masikio huzibwa. Kikao kikiisha mtu huondoka zake, hata akiendesha gari.

Degedege inaweza kutokea, ila ni nadra: chini ya mara 1 katika vikao 10,000. Aliyewahi kupata kifafa lazima aseme. Kisichopuuzwa kabisa ni chuma kichwani: klipu za mishipa ya damu ya ubongo na vifaa vya kusikia vilivyopandikizwa sikioni humzuia mtu kutibiwa. Meno yaliyozibwa hayana shida.

"Daktari ataiona baipola mwenyewe"

Mara nyingi haioni, na kosa hili hutangulia mengine yote. Mtu huenda kutafuta msaada akiwa chini, si akiwa juu. Akiwa juu anaona maisha yamenyooka. Hivyo anafika kliniki ya sumaku na karatasi inayosema sonona sugu, miaka mingi ya dawa zisizofanya kazi, na hakuna aliyewahi kumuuliza kuhusu zile wiki mbili alizopaka nyumba rangi usiku kucha. Akiulizwa atajibu kwa dhati kuwa hajawahi kuwa na tatizo la kupanda, kwa kuwa kwake hazikuwa tatizo. Zilikuwa wiki pekee za mwaka alizojisikia mzima. Kliniki makini humwomba aje na mtu anayeishi naye. Huyo ndiye anayekumbuka harufu ya rangi saa tisa usiku.