Taa ya nyanya ni ya mwaka gani? Anzia kitakoni, na usisugue

Watu wengi hapa Kisumu wanatuletea taa za zamani makumbusho zikiwa zimeshasuguliwa na waya ya sufuria mpaka zinang'aa, halafu wanauliza ni za mwaka gani, na kinachotuuma ni kwamba yale maandishi madogo ambayo yangetupa jibu yameenda na uchafu. Tafadhali, soma taa kwanza, polishi baadaye.

Taa ya mafuta ya taa haiwezi kuwa ya kabla ya miaka ya 1850, maana ndio wakati taa hizo zilianza kutumika, kwa hivyo ukiambiwa pale soko la Kibuye kwamba hii ina miaka mia tatu, rudisha pesa mfukoni.

Fanusi za Feuerhand, kampuni ya Ujerumani, tunaziona sana. Zimegongwa maandishi kwa bati lenyewe, na ukikuta "W. Germany" basi ni ya baada ya 1949, Ujerumani ilipogawanyika, na kabla ya 1990 ilipoungana. Ikiwa ni "Germany" tu, usikimbilie kusema ni ya kabla ya vita, inaweza kuwa mpya kabisa.

Za mezani za Aladdin, angalia kile kidude cha kuzungusha ukipandisha utambi, mara nyingi modeli imeandikwa hapo. Kampuni ilianza Chicago mwaka 1908 ikahamia Nashville 1949, so hata jina la mji peke yake linakusogeza mbele sana.

Chemni usiiamini. Inavunjika, inanunuliwa ingine, na taa ya kitambo inabaki na kioo cha juzi. Skrubu nazo zinasema mengi: zile za nyota zilianza kuuzwa miaka ya 1930, kwa hivyo ukizikuta kwa taa inayodaiwa ni ya enzi za Malkia Victoria, ama imerekebishwa ama unadanganywa.

Halafu kuna zile nzuri za shaba zenye kioo cha rangi, fundi akatoboa shimo akapitisha waya wa stima. Chungulia hilo shimo: makali yake yakiwa bado yanang'aa na shaba pembeni imeshakuwa nyeusi, taa iliwaka mafuta kwanza, stima ilikuja nyuma sana. Msitupe hata kama haiwaki.

Ukitaka tukusaidie, ilaze taa nje asubuhi jua likiwa chini, mwanga uipige kwa ubavu, hapo ndio herufi zilizofifia zinatokea, upige picha ya kitako na hicho kidude cha utambi.