Je, wajua kwa nini ndimu huzuia parachichi lisiwe jeusi?

Mama lishe ninakokula mchana pale Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, ana kawaida moja. Akishakata parachichi la kuweka kando ya sato, analikamulia ndimu hapohapo, kabla hajaugeukia wali. Vipande hukaa na ukijani wake mpaka wateja wapungue. Siku ndimu zikimwishia, haupiti muda mrefu vinaanza kuwa kama udongo.

Wengi husema ni kutu ya kisu. Sivyo: parachichi lililopondeka ndani ya gunia, ambalo kisu hakijaligusa, nalo huwa jeusi.

Ndani ya kila seli ya tunda kuna vitu viwili vinavyokaa vyumba tofauti: fenoli, kemikali za asili za mmea, na kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemikali, kiitwacho polifenoli oksidesi. Kisu kikibomoa kuta, vinakutana, na oksijeni ya hewani inaingia. Kimeng'enya kinazigeuza fenoli kuwa kwinoni, nazo kwinoni hushikamana zenyewe kwa zenyewe na kuleta rangi ya kahawia. Kwa mmea, hiyo ni sehemu ya kinga ya kidonda dhidi ya wadudu na vimelea. Majani ya chai yakipondwa kiwandani hupata weusi wake kwa njia hiyohiyo, ila huko ndio unaotafutwa.

Ndimu sasa. Kimeng'enya hiki hufanya kazi vizuri kwenye pH (kipimo cha uchachu; ikishuka, uchachu umezidi) ya karibu 6 au 7, na maji ya ndimu yana pH ya kama 2, kwa hiyo kinalegea. Asidi ya sitriki pia huidaka shaba iliyo katikati ya kimeng'enya, ambayo bila hiyo hakiwezi kitu. Halafu kuna vitamini C: yenyewe huzirudisha kwinoni kuwa fenoli kabla hazijashikamana. Huku ndiko kuzuia oksidisho, yaani kubadilishwa na oksijeni, na vitamini yenyewe hutumika ikaisha. Ndiyo maana parachichi lenye ndimu nalo mwishowe hubadilika.

Kwa kweli vitamini C ilifikiwa kupitia swali hilihili. Albert Szent-Györgyi wa Hungaria alitaka kujua kwa nini mimea mingine huwa kahawia ikijeruhiwa na mingine, kama machungwa, haiwi. Mwaka 1928 alitangaza kitu alichokitenga, kikaja kuthibitika kuwa ndiyo vitamini C, na mwaka 1937 akapewa Tuzo ya Nobel.

Naumia nikiona unga wa majani ukiuzwa stendi kama dawa ya kila ugonjwa kwa sababu tu "unazuia oksidisho". Kinachotokea kwenye sahani si ushahidi wa kitakachotokea baada ya kupita tumboni.

Usukumani kuna njia nyingine ya kuzuia weusi, isiyohitaji ndimu. Viazi vitamu vya michembe hukatwa vibichi na kuanikwa, na utomvu wake huacha madoa meusi viganjani ambayo sabuni haiyatoi kirahisi. Vya matobolwa huchemshwa kwanza. Moto umeshakiharibu kimeng'enya, kwa hiyo anayevikata humaliza ungo mzima mikono ikiwa safi.