Kukata maneno marefu ya Kiingereza: silabi kwa kutamka, mofimu kwa kuelewa

Mwanafunzi wa Tanzania aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, akiingia kidato cha kwanza, hukutana katika somo la Biolojia na maneno kama respiration, transpiration na perspiration, na mara nyingi huyakariri yote matatu kana kwamba hayana undugu wowote. Ushauri wetu kwa walimu na wazazi ni kwamba neno refu likatwe mara mbili: kwa silabi ili litamkwe na kuandikwa vizuri, kisha kwa mofimu, yaani vipande vidogo kabisa vyenye maana, ili lieleweke.

Tofauti hiyo imo tayari katika Kiswahili. Neno hawatatupiga lina silabi ha-wa-ta-tu-pi-ga, lakini mofimu zake ni ha-wa-ta-tu-pig-a, kwa kuwa mzizi ni pig. Vivyo hivyo, respiration hutamkwa res-pi-ra-tion, ilhali kimaana hukatwa re-spir-ation, na mzizi spir, wenye asili ya Kilatini, unahusu kupumua. Katika transpiration, kiambishi trans, chenye maana ya kuvuka, kimeungana na mzizi huohuo hadi s moja ikamezwa, na neno zima likataja mmea unavyotoa maji kama mvuke, hasa kupitia majani. Katika perspiration, per, yaani kupitia, hutupa jasho linalopenya ngozi. Mwanafunzi aliyeuona mzizi mmoja katika maneno matatu hana haja ya kuyakariri.

Kwa upande wa silabi, kosa linalosikika sana ni kuhesabu herufi za irabu badala ya sauti za irabu. Kwa mazoea ya Kiswahili, tion husomwa ti-o-ni, na decompose hupewa silabi nne, ingawa ina tatu tu, kwa kuwa e ya mwisho haitamkwi. Mkazo nao unahitaji uangalifu: maneno yanayoishia na tion huuweka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kama Kiswahili, lakini biology na ecology huuweka kwenye ya tatu kutoka mwisho.

Viambishi visitafutwe pasipo navyo. Neno uncle halina un ya kukanusha, kwani kinachobaki, cle, si mzizi wa neno lolote. Panapokuwa na shaka, kamusi kubwa huonyesha asili ya neno, pamoja na alama ya mkazo kabla ya silabi inayohusika.