Pua si kipimo cha rangi

Juzi tena. Mama mwenye nyumba ya wageni pale Mji Mkongwe, Bagamoyo, kafungua ndoo yangu ya lita 20 ya rangi ya maji, kainamisha pua, kaniangalia. "Fundi, mbona hainuki? Usije ukawa umeniletea uji." Huyo ni wa tatu mwezi huu, na wote ni watu wa hoteli na maduka.

Basi nieleze. Kinachokupanda puani ukifungua rangi ya mafuta ni tapentaini, tina na ndugu zao. Kazi yao ni kuilegeza rangi itembee kwenye brashi. Wakishaifanya wanaruka hewani, wanaingia mapafuni mwa fundi na mwa mgeni wako wa chumba namba nne. Ukutani inabaki gundi na unga wa rangi, na hivyo viwili ndivyo vinavyopambana na jua la pwani. Sasa niambie, aliyekwisha kuondoka analindaje nyumba?

Rangi ya maji yenye gundi ya akriliki hunyumbuka ukuta ukipata joto. Ya mafuta hukakamaa mwaka hadi mwaka, ndani ikaingia umanjano, nje ikapasuka. Na kuipaka juu ya plasta mbichi ni balaa lenyewe. Saruji ina ukali kama wa magadi, na ukali huo ukikutana na mafuta unapata sabuni. Si mfano, ni sabuni kweli. Niliwahi kuitwa kwenye duka moja, nikapitisha kidole chenye maji ukutani, kikateleza kama nimeshika mche wa kufulia. Mwenye duka alikuwa akiilaumu masika. Mimi plasta mpya naisubiri siku 28, mteja anune asinune. Na ukuta unaotazama bahari nauosha kwanza kwa maji ya bomba, kwa sababu ukipaka juu ya chumvi rangi yoyote itabanduka, iwe inanuka au hainuki.

Yapo na maneno mengine ninayoambiwa na wateja. "Chokaa ni ya maskini." Nyumba za mawe ya matumbawe za Bagamoyo zilijengwa kwa chokaa, tajiri na fahari zake akakaa humo. Kuta hizo zinapumua. Ukizivika rangi nzito ya plastiki, unyevu unaopanda kutoka ardhini unakosa pa kutokea, unaisukuma rangi, yanatoka malengelenge. Chokaa inauachia upite, na ikikauka huvuta hewa ya ukaa ikarudi kuwa jiwe.

"Kopo lina picha ya jani, kwa hiyo ni salama." Jani amelichora mchoraji. Tafuta herufi VOC, yaani zile kemikali zinazoruka hewani, na gramu zake kwa lita. Umoja wa Ulaya, tangu 2010, rangi ya maji isiyong'aa ya kuta za ndani haitakiwi kuzidi gramu 30 kwa lita. Muuzaji akikosa namba akabaki kukuonyesha jani, nenda duka la pili.

"Mlango wa zamani piga msasa tu." Usipige mkavu! Rangi za zamani huenda zina madini ya risasi, ambayo ni sumu, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Lowesha msasa, watoto wasiwe karibu, vumbi lisifagiliwe uani.

"Ni rangi ya maji, mwaga mtaroni." Gundi ile ni plastiki, na mtaro wetu unaishia baharini wanakoogelea wanao. Natumia ndoo mbili, moja ya kuoshea brashi, nyingine ya kusuuzia. Maji yake nayaacha yatuame usiku kucha, asubuhi maji ya juu naoshea tena, tope nalianika likauke gumu, ndipo liende na taka.

Yule mama aliziona ndoo zangu asubuhi, maji ya juu meupe yametulia. Akauliza kama anaweza kumwagilia maua yake.

"Hapana, mama. Hayo ni ya brashi."

Akacheka, akarudi kulala chumba namba nne, tulichokipaka jana yake.